Kuwalea Watoto Wanaoulizwa "Kwenu Hasa ni Wapi?"

Wazazi wengi tunaolea ugenini huanza na tumaini kwamba mtoto bado mdogo, haoni wala haelewi, na kwamba tukinyamaza hatajua kuwa wapo wanaomtazama kwa jicho la tofauti. Nimewasikia wenzangu wengi wakisema hivyo, na najua linakotoka tumaini hilo. Ni huruma ya mzazi. Lakini watoto wanaona mapema kuliko tunavyodhani. Watafiti waliochunguza watoto wachanga walikuta kwamba mtoto anapozaliwa habagui sura, ila akifika miezi mitatu tayari hukazia macho zaidi nyuso zinazofanana na za watu wanaomlea. Wanaokua katikati ya watu wa rangi mbalimbali hawakuonyesha upendeleo huo. Kwa hiyo mtoto hazaliwi na chuki, ana macho tu, na macho huzoea yanachokiona kila siku. Akifika miaka mitatu au minne huwa ameshaanza kuwapanga watu kwa makundi, na kuanzia hapo anasikiliza kwa makini wakubwa wanasema nini juu ya kila kundi.

Binti yangu alipokuwa chekechea alichora familia yetu. Mimi, baba yake na kaka yake alitupaka kahawia. Yeye mwenyewe akajipaka kwa ile penseli ya waridi iliyofifia ambayo darasani kwao waliiita rangi ya ngozi. Nikamwuliza taratibu, kama mtu anayesifia picha, mbona yeye ana rangi ile. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Kwa sababu mimi ninasoma shule." Walimu wake, vitabu vya hadithi, wanasesere wa kona ya michezo, picha za ukutani, vyote vilikuwa na sura ya aina moja. Alikuwa amejumlisha mwenyewe akapata jibu, na hakuna mtu yeyote aliyemtamkia neno baya.

Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto Weusi wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi ni mzuri, yupi ni mbaya, na mwishowe yupi anafanana nawe. Wengi walisema mzuri ni yule mweupe. Wapo waliotoka machozi walipofikishwa kwenye swali la mwisho. Mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua kwamba kutenganisha wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba, kazi ya Clark ilitajwa katika hukumu. Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria wazazi wa watoto wale. Sidhani kama hata mmoja wao alimfundisha mwanawe kujidharau. Dunia iliyowazunguka ilitosha kufanya kazi hiyo.

Ile picha ya binti yangu niliibandika ukutani kama ilivyo. Kumsahihisha kungemwambia kwamba amekosea kujichora, ilhali alichofanya ni kunionyesha alichokiona. Nilichofanya ni kwenda kumwona mwalimu wake na kumwomba mambo mawili: penseli za rangi za ngozi ziwekwe za aina zote, na ile moja iache kuitwa rangi ya ngozi. Alikubali palepale, tena kwa moyo. Nyumbani tukatafuta hadithi ambazo mtoto kama yeye yumo, na nilisisitiza sana kwamba nataka hadithi ambazo mtoto huyo anapotea msituni, anafuga mbwa, anagombana na rafiki yake. Watoto wetu wakionekana vitabuni pale tu wanapoteswa au kuokolewa, nako ni kufundishwa jambo.

Hilo la hadithi za mateso lina upande wake wa pili, kwa sababu historia nayo wanapaswa kuijua. Nilimsimulia binti yangu habari za Ruby Bridges, msichana wa miaka sita ambaye Novemba 1960, mjini New Orleans, aliingia shule iliyokuwa ya watoto weupe watupu akilindwa na maafisa wa serikali kuu huku watu wazima wakimzomea. Wazazi wakawaondoa watoto wao, na mwaka mzima alifundishwa peke yake na mwalimu mmoja, Barbara Henry. Nilitarajia aniulize kuhusu wale waliozomea. Yeye akauliza: "Sasa wakati wa mapumziko alicheza na nani?" Swali hilo lilinifundisha zaidi ya vitabu vingi vya malezi. Sisi wakubwa tunafikiria haki na heshima, na ni sawa. Mtoto anafikiria mapumziko, kiti cha pembeni yake kwenye basi la shule, nani atamchagua kwenye timu. Huko ndiko ubaguzi unakomkuta, na huko ndiko anakotaka tumfuate.

Kwa kaka yake mambo yalianzia kwenye jina. Kila alipoingia mwalimu wa muda na kushika orodha ya mahudhurio, kulikuwa na ule ukimya mfupi kabla ya jina lake, kisha darasa zima likacheka kabla hata halijatamkwa. Baada ya muda baadhi ya wenzake wakalipotosha likawa neno la kuchekesha, wakawa wanamwita hivyo uwanjani. Jioni moja akaniomba tumtafutie jina lingine, "la shule tu, Mama, la nyumbani libaki." Alishalichagua tayari.

Nimejifunza kwamba wakati kama huo kinywa cha mzazi hukimbilia kusema. Ama tunamwambia apuuze, ama tunawaka hasira na kuapa kwenda kuivunja shule. Yote mawili yanamfunga mdomo. Akiambiwa apuuze, anaelewa kwamba jambo lake ni dogo. Akiona tunawaka, mara nyingine hatuambii, kwa kuogopa kutuumiza sisi. Watoto hutulinda sana wazazi wao, jambo ambalo hatulijui hadi tulione. Kwa hiyo nilimwuliza tu: Ilikuwaje? Wewe ulifanya nini? Ulitamani iweje? Lile swali la tatu ndilo lililofungua mlango. Kumbe hakutamani wenzake waadhibiwe. Alitamani mwalimu amwulize kabla ya kusoma orodha, na alitamani rafiki yake mmoja, ambaye alikuwa akicheka pamoja na wengine, aache.

Tangu siku ile tukawa na mazoea ya kulichambua jambo kabla ya kuliita jina. Kuna mtu asiyejua: anashindwa kutamka, anauliza swali la kijinga, lakini ukimweleza anashika na kushukuru. Kuna utani wa kundi, ambao kila anayecheka anacheka kwa kuwa mwenzake anacheka. Na kuna dharau ya makusudi, ya mtu anayejua fika kwamba anakuumiza na anataka uumie. Mtoto akiyachanganya haya matatu, ama ataona adui kila kona, ama ataizoea dharau akidhani ni utani. Nasi tuliamua kwamba kila moja lina jibu lake. Asiyejua anaelezwa mara moja, kwa upole. Utani wa kundi unavunjwa kwa kumfuata mmoja wao akiwa peke yake, hasa yule aliye rafiki. Dharau ya makusudi haimhusu mtoto kuimaliza. Kazi yake ni kuondoka mahali pale na kumwambia mtu mzima, na kazi ya mtu mzima ndiyo inaanzia hapo.

Maneno tuliyafanyia mazoezi kwa kuigiza. Mimi nilikuwa yule mtoto mkorofi, na binti yangu, ambaye hakutaka kuachwa nje, akawa mwalimu. Tulijaribu majibu mengi na mengi tuliyatupa, kwa sababu jibu linalompendeza mzazi huwa refu mno kwa uwanja wa shule. Lililobaki lilikuwa fupi: "Hilo si jina langu. Unalijua." Kisha anaondoka, hasubiri. Tuliifanyia mazoezi hata namna ya kuondoka, bega likiwa limenyooka, bila kukimbia. Na lile jina jipya alilojichagulia? Nilimwambia jina ni lake, naye ndiye atakayeamua, lakini nilimwomba asiamue wiki ile. Mtu asibadilishe jina lake kwa kukimbizwa. Hakulitaja tena.

Yule rafiki yake, mwanangu alimfuata mwenyewe. Waliongea nini sijui, na sikuuliza.

Kwenye shule, hata hivyo, mambo hayakuwa rahisi. Mwalimu wa darasa alinisikiliza, kisha akasema ile sentensi ambayo wazazi wengi wa watoto kama wetu wameisikia: watoto ni watoto, hata wenye miwani hutaniwa. Nilikuwa nimekwenda na daftari. Ndani yake kulikuwa na tarehe, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, mahali, na nani alikuwepo. Sikuandika hisia zangu humo, wala sikuandika neno ubaguzi. Nilimsomea mistari kadhaa. Uso wake ulibadilika nilipofika kwenye neno alilolisema mtoto mmoja kuhusu ngozi, na akakiri kwamba hakujua limefika huko. Kama ningekuja na malalamiko ya jumla, tungebishana kuhusu nia za watoto hadi jioni. Daftari lilitulazimisha kuongea kuhusu mambo yaliyotokea. Namshauri kila mzazi aanze kuandika siku ile ya kwanza, hata kama anadhani ni jambo dogo, kisha baada ya kikao apeleke barua fupi inayosema tumekubaliana hili na hili. Bila maandishi, kikao kinageuka kumbukumbu ya mtu mmoja dhidi ya mwingine.

Inafaa pia kujua kwamba hatuendi kuomba hisani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na karibu nchi zote duniani, unakataza katika ibara ya 2 mtoto kubaguliwa kwa rangi, lugha, dini au asili yake. Ibara ya 7 inazungumzia haki ya kuwa na jina. Ibara ya 29 inataka elimu imfundishe mtoto kuheshimu wazazi wake, utambulisho wake, lugha yake, na pia ustaarabu ulio tofauti na wake. Sikuyasoma hayo mbele ya mwalimu kama wakili. Lakini kuyajua kulibadilisha namna nilivyokaa kwenye kile kiti.

Shule ilipendekeza siku ya tamaduni, kila familia ije imevaa mavazi ya kwao. Nilishiriki, na watoto walifurahi. Hata hivyo nasema kwa moyo wote kwamba siku hiyo haitoshi, na wakati mwingine inaharibu, maana mtoto anasimamishwa mbele kama kitu cha maonyesho na kesho yake anarudi kukaa peke yake. Kilichosaidia kweli kilikuja baadaye, kutoka kwa mwalimu mwingine wa sayansi aliyekuwa akitumia njia aliyoibuni mwanasaikolojia Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971, wakati shule za huko zilipokuwa zimeanza kuwachanganya watoto wa rangi tofauti na darasani kumejaa uhasama. Somo linakatwa vipande. Kila mtoto katika kikundi anapewa kipande kimoja, anakisoma pamoja na wenye kipande kama chake kutoka vikundi vingine, kisha anarudi kuwafundisha wenzake. Hakuna anayeweza kufaulu bila kumsikiliza kila mmoja. Mwanangu alipangiwa mzunguko wa damu, sehemu ya moyo. Yule yule mtoto aliyekuwa akimwita lile jina la kejeli ilimbidi amwulize vali zinafanyaje kazi, amsikilize hadi mwisho, kwa sababu mtihani ulikuwa unakuja.

Hawakuwa marafiki, na sioni haja ya kudai walikuwa. Lakini kejeli iliisha. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa makundi tofauti wakikutana, chuki hupungua pale wanapokuwa sawa kwa hadhi, wana lengo moja, wanalifikia kwa kushirikiana, na wenye mamlaka wanaunga mkono. Kuwaweka watoto chumba kimoja na kungoja wapendane si mpango. Mwalimu yule aliupanga ukutano wao kuanzia kiti hadi kazi, na ndiyo maana nikimkuta mzazi mwenzangu anahangaika, namwambia aende kwa mwalimu na ombi mahususi: nani atakaa na nani, nani atafanya kazi na nani, nani anasimamia uwanja wakati wa mapumziko.

Kuna jambo ambalo wazazi wa watoto wanaobaguliwa hatupendi kulizungumza. Mtoto aliyebaguliwa anaweza kubagua. Darasani kwa binti yangu, alipokuwa na miaka kumi hivi, aliletwa msichana mgeni ambaye lugha ya shule ilikuwa bado haijakaa kinywani. Mwalimu akanipigia simu kwamba binti yangu ni miongoni mwa wanaoigiza lafudhi yake. Watu walio nje ya jambo hili hushangaa: iweje, naye yamemkuta? Mimi nadhani ndiyo hasa sababu. Alikuwa amepata nafasi ndani ya kundi baada ya kuitafuta miaka mingi, na kumcheka aliye nje zaidi ilikuwa njia ya kuonyesha kwamba yeye sasa ni wa ndani. Mwaka 1968, katika mji mdogo wa Riceville, Iowa, mwalimu Jane Elliott aliligawa darasa lake kwa rangi ya macho, kundi moja likaambiwa ni bora kuliko jingine. Watoto waliokuwa wapole walianza kunyanyasa wenzao, na nafasi zilipogeuzwa, wale walioonewa nao wakaonea. Zoezi lile lina mengi ya kulaumiwa, nami singependa mwanangu afanyiwe. Lakini lilionyesha jinsi nafasi inavyomvuta mtoto.

Nilikaa na binti yangu jikoni. Sikumwambia akumbuke yaliyompata, kwa kuwa kumfanya mtoto atoe machozi kwa maumivu yake ya zamani ni adhabu tu kwa jina lingine. Nilimwuliza yule msichana hukaa wapi mapumziko. Alijua: kwenye ngazi, karibu na mlango. Alijua hata anachokifanya pale, anafungua na kufunga zipu ya begi lake. Nikamwambia kwamba anayejua mambo hayo yote anaweza kumsaidia kuliko mwalimu. Msamaha sikumlazimisha, maana wa kulazimishwa haumfikii mtu. Nilimtaka afanye jambo moja la wazi, mbele ya wale wale waliokuwa wakicheka naye, na jambo hilo achague mwenyewe. Alichagua kukaa naye kwenye basi. Kundi lilimnunia kwa muda, akalia, nikamshika mkono lakini sikumwambia arudi nyuma.

Nyumbani kwetu wenyewe kulihitaji usafi. Watoto wanasikia tunavyosema juu ya majirani, juu ya watu wa dini nyingine, juu ya nani ana ngozi nzuri na nani imemkolea mno. Mtoto hawezi kuamini kwamba ubaguzi ni uovu shuleni ikiwa mezani ni mazungumzo ya kawaida. Tulikubaliana na mume wangu kwamba tukisikia neno la namna hiyo kutoka kwa mgeni wetu, hata awe mkubwa wa heshima, tutajibu palepale kwa adabu, watoto wakisikia. Kuna shangazi mmoja aliyesifia weupe wa binti yangu akimlinganisha na kaka yake. Mume wangu akasema, "Shangazi, wote wawili ni wazuri, na hapa hatuwapimi kwa rangi." Hakukuwa na ugomvi. Mwanangu alijifanya hakusikia, lakini usiku alimrudia baba yake kuliongelea.

Tulipokwenda kutembelea ndugu, watoto walikutana na upande mwingine wa jambo lilelile. Binamu zao waliwacheka kwa lafudhi, wakawaita watu wa nje. Huku wageni, kule wageni. Nadhani hili linauma zaidi, kwa sababu mtoto alikuwa ameahidiwa kwamba kule ni kwao. Tulichofanya ni kuendelea kuongea lugha yetu nyumbani kila siku, kwa makosa yao yote, bila kuwacheka na bila kuwasahihisha katikati ya hadithi. Mtoto anayesahihishwa kila sentensi hunyamaza. Bibi yao ndiye aliyesaidia kuliko wote, kwa simu, kwa kuwauliza habari za kweli na kusubiri jibu hata lichukue muda gani.

Kuna wakati haya yote hayatoshi. Tumbo linalouma kila Jumapili jioni, mtoto aliyependa shule akaanza kubadilisha njia ya kurudi nyumbani, usingizi ukaisha, vitu vinapotea, hataki uje kumchukua mbele ya wenzake: hizo ni dalili za kumpeleka kwa mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili ya watoto, mapema, bila aibu. Na mtoto akiguswa mwilini au akitishiwa, mazungumzo na mwalimu wa darasa yamepitwa. Ni mwalimu mkuu, kwa maandishi, siku hiyohiyo.

Sasa mwanangu ni kijana, sauti imekuwa nzito. Mwezi uliopita kocha wa timu yao alisema mbele ya wachezaji kwamba watu wa asili yake wameumbwa kwa mbio na si kwa kupanga mchezo. Aliliandika kwenye simu yake palepale, neno kwa neno, na jina la mwenzake aliyekuwa pembeni. Huyo mwenzake amekubali kuwa shahidi. Barua kwa uongozi ameiandika mwenyewe, aya tatu, na ndani yake anaomba mambo mawili: kocha azungumze na timu, na yeye ajaribiwe katika nafasi ya kiungo kama wengine. Kikao ni Alhamisi. Ameniambia niende naye, ila yeye ndiye atakayeanza kusema.